Begi Hupimwa kwa Bodaboda

Haya ni maneno niliyowaambia wafasiri na wakalimani vijana tulipokutana Arusha. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nayo mkononi na kutoka kichwani. Pale niliporukaruka nimejaribu kunyoosha, ila si pote.

Shikamooni wakubwa zangu mliopo. Wadogo zangu, hamjambo. Wageni wetu mliovuka Namanga asubuhi hii, karibuni sana, na poleni na foleni ya mpakani.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya mkalimani anayesafiri. Nilikubali haraka, na sababu yake ni ya aibu kidogo: katika miaka kumi na saba ya kazi hii nimenunua mabegi kumi na moja, na yaliyonifaa ni matatu. Fedha niliyoteketeza kwenye yale manane ingeweza kununua kiwanja. Si Njiro, lakini huko mbele ya Usa River kingepatikana.

Ninyi mmeingia kazini kipindi kizuri. Agosti 2019 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliipa lugha yetu ya Kiswahili kiti. Novemba 2021 UNESCO wakaitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukaiingiza kwenye lugha zake za kazi. Kwa wenye lugha ni heshima; kwa sisi wenye kodi za nyumba ni mikutano. Na tangu mwaka 2020 mikutano yenyewe imebadilika sura: nusu ya watu wako ukumbini, nusu wako kwenye skrini, na mkalimani anaweza kuitumikia Addis Ababa huku amekaa chumba cha wageni Babati, jogoo wa jirani akimsaidia kuingiza vituo. Zamani kibanda cha ukalimani kilikuwa kinakusubiri ukumbini. Siku hizi unakibeba mgongoni.

Nina jambo moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke. Tukienda kununua begi, wengi tunajiona tuko uwanja wa ndege. Tunajiona tunaburuta kitu cheusi kwenye sakafu ya Terminal 3 pale Dar es Salaam, kinateleza pembeni yetu bila kelele, na watu wanageuka kutuangalia. Begi tunalichagulia picha hiyo. Sasa hesabuni safari yenyewe. Ya kwangu ya mwisho ilikuwa hivi: bajaji kutoka nyumbani mpaka stendi, basi la saa kumi na moja alfajiri, kisha bodaboda kutoka njia panda hadi nyumba ya wageni, kilomita nne za vumbi. Siku ya tatu mvua ikanyesha, nikarudi kwa njia ileile ikiwa tope. Sakafu inayong'aa sikuikanyaga hata hatua moja. Na hata ninapopanda ndege, juu ya sakafu hiyo natembea dakika kumi. Kwa hiyo begi lichagulieni kipande kibaya kuliko vyote cha njia yenu. Kwa wengi tuliomo humu kipande hicho ni bodaboda: begi liko katikati yako na dereva au mgongoni kwako, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma, mwingine umeshika roho.

Magurudumu ya begi yalizaliwa uwanja wa ndege, tusisahau hilo. Mmarekani mmoja wa biashara ya masanduku, Bernard Sadow, alipata wazo hilo mwaka 1970 akirudi mapumzikoni, alipomwona mfanyakazi wa uwanjani akisukuma mashine nzito kwenye kitoroli huku yeye mwenyewe ameelemewa na masanduku mawili. Hataza yake, ile hati ya haki ya uvumbuzi, ilitoka mwaka 1972. Begi lake lilivutwa kwa kamba, kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na kama mbuzi lilikuwa likiyumba. Mwaka 1987 rubani wa shirika la ndege la Northwest, Robert Plath, akalisimamisha wima, akalipa magurudumu mawili na mpini mrefu. Hilo ndilo tunalolijua. Wote wawili walikuwa wanatazama sakafu laini. Hakuna kati yao aliyekuwa na mchanga wa Mbagala akilini.

Sisemi mtupe mabegi ya kuburuta. Kama safari zako ni Nairobi, Kigali, hoteli na gari la kukupokea, buruta kwa raha zako. Ila chukua lenye magurudumu mawili yaliyozama ndani ya mwili wa begi. Yale manne yanayozunguka kila upande yametokeza nje kama vidole, na vidole ndivyo vinavyovunjika wa kwanza begi linapotupwa. La pili na la tano kati ya yale kumi na moja yangu yalikufa kifo hicho.

Wazee wataniambia walibeba kabla ya magurudumu. Ni kweli, na tena walibeba kwa hesabu. Katika karne ya 19 mzigo wa pagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulikuwa karibu frasila mbili. Frasila ni kama paundi 35. Mbili ni paundi 70. Ishikeni namba hiyo, halafu someni tiketi zenu za ndege: mashirika mengi hayapokei begi moja linalozidi kilo 32. Kilo 32 ndiyo paundi 70. Sidai kuwa kuna mtu alimwendea pagazi wa Kinyamwezi akamwuliza. Ninachoona ni kwamba mgongo ni uleule, awe mwenye mgongo amebeba majora ya kitambaa cha merikani kupandisha milima ya Usagara au anapakia mizigo kwenye tumbo la ndege. Na hapa jirani, wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanapimiwa mizigo getini, na mpaka wao ni kilo 20. Hao ni watu wanaopanda mlima kwa kazi. Sasa wewe mfasiri, unayekaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi magharibi, hizo kilo 27 ulijipangia kwa mazoezi gani?

(Hapa walicheka, na dada mmoja safu ya mbele akalisogeza begi lake chini ya kiti.)

Niwape kisa cha alizeti, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kutenganisha mabegi.

Nilikuwa natoka Singida kurudi Arusha. Nilikuwa na begi moja kubwa la mgongoni, la lita 65, na kwa uvivu nilikuwa nimetia kila kitu humo: nguo, viatu, kamusi, hedseti, laptopu. Utingo akalitazama akasema, "Dada, hilo humu ndani haliingii, tia buti." Alikuwa na haki, lilikuwa linafanana na mtu mzima aliyechuchumaa. Likaenda buti. Nanyi mnajua Singida ni nchi ya alizeti. Lilikolazwa begi langu palikuwa na madumu sita ya mafuta, na moja halikuwa na kifuniko, lilikuwa na kipande cha nailoni kilichokazwa kwa mpira. Kutoka Singida hadi Babati kuna kona na matuta ya kutosha kulifungua. Nilipolipokea stendi begi lilikuwa limekunywa. Nguo nilizifua mara tatu. Hedseti niliifuta ikapona. Laptopu haikufa siku hiyo. Ilikufa wiki mbili baadaye, polepole, vitufe vikianza kunata kimoja kimoja, na cha kwanza kunata kilikuwa A. Jaribuni kuandika Kiswahili bila A. Hata neno "hapana" la kumwambia mteja kwamba kazi imechelewa silipati.

Tangu siku hiyo nina mabegi mawili. La nguo linaweza kwenda buti, linaweza kwenda juu ya paa la basi dogo la shato na turubai na kamba, linaweza hata kuchelewa siku mbili, mimi nitavaa kanga. La kazi haliachani na mwili wangu. Linakaa kati ya miguu kwenye basi, mapajani kwenye bajaji, kifuani kwenye daladala. Ili likae hapo lazima liwe dogo, lita 20 au kidogo zaidi. La nguo nalo halizidi lita 40, kwa sababu begi lina tabia kama ya kabati: ukilipa nafasi linaijaza.

Haya, twendeni tukanunue begi. Mimi la dukani jipya silifuati kwanza. Nafuata mitumba, na sisi wa kaskazini tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana, kwa sababu wapanda mlima wanaacha vitu huku. Nendeni soko la Memorial pale Moshi siku ya mnada, au soko la Kilombero hapa mjini. Utakuta begi la mgongoni lililoshonwa kwa ajili ya kupanda milima, lenye mkanda wa kiunoni wa kweli, kwa bei ambayo dukani ungepata kitambaa chenye picha ya katuni.

Lakini mitumba ina siri yake. Begi zuri la zamani huwa na utando kwa ndani wa kuzuia maji, na utando huo huzeeka hata kama begi halijatumika. Kwa hiyo ukilishika, usianze na rangi. Lifungue, ingiza pua. Ukisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, ya mtoto aliyecheua, huo utando umekufa. Kesho utaanza kubanduka na kunata, na utaganda kwenye laptopu yako kama gundi. Lirudishe, hata kama mwenye meza anakuita dada mara kumi.

Likishinda pua, ligeuze ndani nje. Tazama mshono pale mkanda wa begani unapoingia kwenye mwili wa begi, kwa sababu uzito wote unaning'inia hapo. Unataka kuona mraba wa uzi wenye msalaba ndani yake, au mstari mnene uliorudiwa mara nyingi mahali pamoja. Ukikuta mstari mmoja tu wa cherehani, jua aliyelishona alikuwa anawahi. Kisha kitambaa. Kwenye lebo utaona namba yenye herufi D, 420D, 600D, 1000D. Hiyo ni uzito wa uzi wenyewe, gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi ulivyo mnene. Msidanganyike na namba peke yake, lakini: nailoni ya namba ndogo inaweza kuishi kuliko poliesta ya namba kubwa. Nailoni ukiisugua kwa ukucha inateleza. Poliesta ya bei poa inakwaruza. Hii ni elimu ya vidole, sijui pa kuisomea.

Halafu zipu. Zipu ndiyo begi, mengine ni mapambo. Herufi YKK, za kampuni ya zipu ya Wajapani, zinapatikana hadi kwenye mabegi ambayo Mjapani hajawahi kuyaona, kwa hiyo msiziabudu. Ifungue na kuifunga mara ishirini, hasa kwenye kona, mkono mmoja tu, kwa sababu stendi mkono wa pili utakuwa na tiketi. Chagueni meno ya nailoni yaliyosokotwa kama springi kuliko meno ya chuma, hususan wenye safari za Unguja na Mombasa, maana chumvi ya bahari inakula chuma. Nailoni hata ikiachia katikati, ukirudisha kichwa cha zipu nyuma na kukivuta tena mara nyingi inajifunga. Na zipu ikianza kupitisha kichwa bila kushika, msitupe begi. Meno bado mazima; kichwa ndicho kimepanuka. Mpelekeeni fundi viatu akibane kwa koleo, kidogo kushoto, kidogo kulia, taratibu kama anayetoa jino la mtoto. Ni bei ya soda. Halafu nyumbani pitisheni kipande cha mshumaa juu ya meno yote. Begi nililonalo hapa limebanwa kichwa mara tatu na bado linakula chumvi.

Mwisho wa kununua, na hili wauzaji hawalipendi. Kabla ya kutoa hela, nunua chupa nne za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo sita, karibu na uzito wa ofisi yako, yaani begi la kazi. Zitie ndani, livae, tembea kichochoro chote cha soko dakika kumi, panda ngazi kama zipo, inama kama unayepanda bodaboda. Utajua mkanda unakata bega au haukati. Muuzaji akinuna, mwachie yale maji.

Wenye kupenda sanduku gumu, neno moja. Mengi yake ni ya aina mbili: ya plastiki ya ABS na ya polikaboneti. Dukani yanafanana. Libonyeze ubavuni kwa dole gumba: la polikaboneti linabonyea na kurudi, la ABS linakataa kubonyea, na siku litakapolazimishwa litapasuka. Halafu mjue kwamba ndege ndogo, hizi za kwenda visiwani na mbugani, mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu na zinataka begi laini linalokubali kukunjwa tumboni mwa ndege. Huko sanduku gumu ni mgeni asiyealikwa.

Kwenye ndege kubwa kidogo, namba ya kuitazama ni kilo 7 za begi la mkononi. Mashirika yanatofautiana na vipimo vyao vinatofautiana, sentimita 55 kwa 40 kwa 20 hivi, lakini kilo 7 utazikuta sehemu nyingi. Nunueni ule mzani mdogo wa kuning'iniza, wa kupimia samaki. Mimi nimewahi kusimamishwa mlangoni nina kilo 9, nikavaa koti, chaja mfuko huu, hedseti mfuko ule, kamusi kwapani. Nikapita. Nilipokaa kitini nilikuwa kama bibi harusi aliyevalishwa na mashangazi wote kwa pamoja. Na kwa kuwa nimewataja mashangazi: ule mfuko wa mistari wa shangazi kaja msiudharau. Ukikunjwa hauzidi gazeti, na siku ya kurudi na zawadi ndio unaokuokoa.

Nguo sina la kusema. Chukueni nusu ya mlizopanga.

Ofisi sasa. Nitoe vitu kimoja kimoja mezani.

Hii ni hedseti, ya waya. Najua mnazo zile ndogo zisizo na waya, ni nzuri kwa muziki. Lakini kipaza sauti chake kikiwashwa tu, sauti unayoisikia inashuka, inakuwa ya simu ya zamani, na tena inachelewa. Mkalimani anayechelewa nusu sekunde na kusikia nusu ya konsonanti atatafsiri "fedha" mahali pa "fidia", na mkutano wa mahakama utaendelea bila kujua. Waya. Na chukueni ya pili, ya bei nafuu, ikae chini ya begi ikisubiri siku yake.

Huu ni waya wa mtandao, mita kumi. Unaweza kuniuliza wa nini wakati kila mahali kuna Wi-Fi. Wi-Fi ya nyumba ya wageni saa mbili usiku ni kama bomba la mtaa, kila mtu ana ndoo yake. Mwombe meneja kwa adabu akuruhusu uchomeke kwenye ruta moja kwa moja. Sijawahi kukataliwa nilipoomba kabla ya kulipa chumba.

Hii ni pawabenki, na hapa naomba kalamu. Sheria za usafiri wa anga zinasema betri hizi hazitiwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Zinakaa na wewe. Na zina kipimo cha umeme zinaoubeba, wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo huondoki nayo. Tatizo ni kwamba dukani zinauzwa kwa namba nyingine, mAh. Zidisheni mAh kwa 3.7, gaweni kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, unapita. Ya 27,000 ni 99.9, unapita kwa kukwaruza mlango. Ya 30,000 ni 111, una maelezo ya kutoa. Ofisa hapigi hesabu, anasoma maandishi ubavuni, na yakiwa yamefutika anaichukua. Bandikeni utepe unaoonyesha ndani juu ya maandishi yale siku mnayoinunua. Wanaopitia Dubai mjue pia kwamba tangu 1 Oktoba 2025 Emirates wanamruhusu abiria pawabenki moja tu, na ndani ya ndege haitumiki. Hawajaamka vibaya. Moto wa betri angani si jambo la kuchezea.

Hiyo ya 74, kwa laptopu isiyo na ulafi, inanipa kama saa nne. Lakini umeme ukikatika, laptopu si ya kwanza kulia. Ya kwanza ni ruta. Laptopu ina betri yake, ruta haina. Kuna kijiwaya kidogo, mafundi wa Kariakoo wanakijua, upande mmoja kinaingia kwenye pawabenki na upande mwingine kinapandisha umeme kutoka volti 5 hadi 12, ambazo ndizo ruta nyingi zinazotaka. Bei ya chakula cha mchana. Kimeokoa kazi zangu kuliko kifaa kingine chochote kilichopo mezani hapa. Angalieni tu volti zilizoandikwa chini ya ruta kabla ya kuchomeka, msije mkaniita mchawi. Wenzetu wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa haya. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Mwaka 2008 nako walikuwa wamekaa karibu mwezi.

Plagi. Sisi, Kenya na Uganda tuna pini tatu nene za Mwingereza. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi na Congo unakutana na matundu mawili ya duara. Basi adapta mbili, moja ya kwenda na moja ya kumwazima mwenzako asiyerudisha. Na sasa tuzungumzie ile kalamu. Msinitazame hivyo, nyote mmefanya. Una chaja ya pini mbili, unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, unapenyeza chaja. Lile tundu la juu ndilo la waya wa ardhi, na pini yake ndefu imewekwa ifungue vifuniko vya yale mawili ili mtoto asitie kidole. Ukifungua kwa kalamu umeondoa ulinzi wote, na chaja haijakaa, imeegemea. Chaja moja nzuri ya wati 65 yenye matundu matatu inatosha laptopu, simu na pawabenki. Nunueni hiyo, kalamu zibaki za kuandikia.

Laini mbili za mitandao tofauti, bando kwenye zote, hilo mnalijua. Ila kuna siku kifaa hakisaidii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi hii ikawa kama imezimwa. Jumatatu nilikuwa na kikao saa tatu. Laini zote mbili zilikuwa na alama kamili za mnara na intaneti haikuwepo. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na namba ya simu ya mratibu kwenye daftari, si kwenye barua pepe. Nilimpigia kwa vocha ya kawaida, kikao kikasogezwa. Daftari hilo lina uzito wa gramu 90 na ni sehemu ya ofisi.

Na hii, kina dada mnacheka, ni kanga. Doti nzima, si kipande. Ni taulo, ni shuka, ni pazia la chumba kisicho na pazia, ni mto kwenye basi. Na ni kibanda. Chumba chenye sakafu ya vigae na dari ya bati kinarudisha mwangwi kama kisima. Naning'iniza kipande kimoja nyuma ya laptopu, kingine najifunika kichwani na kipaza sauti, nafasiri humo ndani. Picha siwashi, bila shaka. Mara moja niliiwasha kwa makosa, na mjumbe mmoja wa mkutano akasoma jina la kanga kwa sauti mbele ya wote. Jina silitaji leo.

Mvua: mifuko ya rambo hatuna tena, Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Juni 2019. Tafuteni mfuko mmoja usiopitisha maji, wa kukunja mdomo, laptopu ikae humo ndani ya begi. Lile koti la mvua la begi linazuia mvua ya juu tu. Tope la bodaboda linatoka chini. Na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya msivitupe, tieni viwili pamoja na vifaa mkienda pwani wakati wa masika. Mkivianika kwenye jua kali vinafanya kazi tena kidogo.

Begi la nguo likipotea uwanjani, usitoke nje kwa hasira. Andikisha papo hapo, upewe karatasi. Kwa safari za kimataifa mkataba wa Montreal unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama limeharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea kama lilichelewa. Kikomo cha fidia, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), kama dola 2,000 hivi. Risiti za nguo nani anazo? Pigeni picha begi likiwa wazi kabla ya kulifunga. Mimi hupiga kitandani asubuhi ya safari, na zile picha ndizo zilizonilipa mara ya mwisho.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na shato langu linaondoka saa nane. Mzani wa samaki nimeutundika kwenye komeo la mlango, pale kulia. Yeyote anayetaka kupima lake apime, sitaangalia. La kwangu la kazi asubuhi lilikuwa kilo 6 na gramu 400, na hapo ni kabla mama mwenye nyumba hajanipa ndizi za njiani.